Mtu kakaa shambani miaka 15: mwanafunzi wa sheria aanzie wapi kutafuta?

Swali: Shikamoo wakili. Nasoma sheria mwaka wa tatu hapa Iringa, na sasa niko mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya wakili mmoja Mafinga. Mteja wetu ana shida na mtu aliyekaa miaka 15 kwenye shamba la marehemu baba yake na kupanda misonobari. Sasa mtu huyo anasema shamba ni lake. Niliambiwa nitafute msimamo wa sheria. Nikafungua TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, nikaandika "land dispute", zikaja hukumu zisizohesabika. Nimesoma siku tatu na kunakili kurasa 11, wakili akanirudishia akisema humo hamna jibu. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. TanzLII ni mahali pake kabisa, tena ni bure, kwa hiyo usiiache. Tatizo lilianza kabla hujaifungua. Ulipewa kisa, ukaenda kutafuta mada. "Mgogoro wa ardhi" ni mada, na mtu anaweza kuisoma hadi anastaafu.

Rudi kwa mteja kwanza. Muulize huyu bwana aliingiaje shambani. Huku kwetu Mufindi na Njombe jambo hili ni la kila siku: mzee ana eneo kubwa, anamwambia jirani au shemeji "lima hapo viazi kwa sasa", miaka inapita, viazi vinageuka misonobari, mzee anafariki, na watoto wanakuta msitu wa mtu mwingine. Kama aliingia kwa ruhusa ya mzee, hiyo ni kesi moja. Kama aliingia kimabavu au alikuta pametelekezwa, ni kesi nyingine kabisa, na hukumu utakazozihitaji si zilezile. Muulize pia mzee alifariki mwaka gani, nani anasimamia mirathi, na kama kuna siku yoyote ndani ya miaka hiyo 15 familia ilimkataza au kumpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Maswali haya manne yatakuokolea siku mbili kati ya zile tatu.

Ukishapata majibu, andika swali la kisheria kwa sentensi moja. Mfano: "Je, mtu aliyeruhusiwa na mwenye shamba kulima anaweza kulidai kuwa lake kwa sababu tu amelikalia zaidi ya miaka 12?" Sentensi hiyo ikikushinda kuandika, bado hujawa tayari kutafuta.

Sasa anza na sheria zilizotungwa, hukumu zije baadaye. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ina jedwali linaloonyesha kila aina ya madai yana muda gani. Dai la kurudisha ardhi lina miaka 12, na namba hiyo ndiyo anayoitegemea mpinzani wenu. Soma pia sheria hiyo inasemaje kuhusu muda unavyoanza kuhesabiwa pale mwenye ardhi anapofariki, maana mteja wenu anadai kupitia marehemu. Kwa kuwa shamba liko kijijini, fungua na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114.

Halafu hukumu. Hapa wengi hukwama kwa sababu ya lugha. Mteja anaeleza kwa Kiswahili, pengine kwa Kihehe, lakini hukumu nyingi tulizonazo zimeandikwa kwa Kiingereza, hata baada ya marekebisho ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo tafuta kwa maneno ambayo jaji angeyatumia. Kukalia ardhi ya mtu muda mrefu bila ridhaa yake, wao huandika "adverse possession". Aliyekaribishwa huitwa "invitee" au "licensee". Weka maneno mawili pamoja, kisha chuja matokeo yabaki ya Mahakama ya Rufani peke yake. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote zilizo chini yake. Wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu haumfungi jaji mwenzake, unaweza kumshawishi tu.

Utakutana na Rufaa ya Madai Na. 193 ya mwaka 2016, ambayo Wadhamini wa Masista wa Holy Spirit walipambana na watu zaidi ya 100. Isome yote. Mahakama ya Rufani iliorodhesha humo mambo ambayo anayedai ardhi kwa njia hii lazima ayathibitishe, na moja wapo ni kwamba alikaa waziwazi bila ridhaa ya mwenye mali. Kisha fuata hukumu zinazozungumzia mgeni aliyekaribishwa. Msimamo wake ni kwamba mgeni hawezi kumnyang'anya mwenyeji wake ardhi, haidhuru amekaa muda gani. Unaona sasa kwa nini nilikutuma kwa mteja kwanza? Neno moja la mzee, "lima hapo", linaweza kubeba kesi nzima.

Unaposoma, kuna kosa ninaloliona kwa karibu kila mwanafunzi anayekuja ofisini kwangu, na nahofia limo kwenye zile kurasa 11. Majaji wetu huanza kwa kueleza kwa kirefu kila wakili alisema nini. Mwanafunzi anakuta sentensi tamu, anainakili, kumbe ni hoja ya wakili aliyeshindwa. Kabla hujanakili, jiulize ni nani anayesema hapo. Msingi wa uamuzi uko pale mahakama inapoanza kujibu hoja yenyewe, na mara nyingi ni kurasa chache za mwisho. Nakili hapo, na andika namba ya ukurasa papo hapo.

Baada ya hapo hakikisha ulichokipata bado kiko hai. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2022 nilijenga hoja nzima juu ya mamlaka ya baraza la kata kuamua mgogoro wa ardhi, nikitegemea hukumu nzuri ya miaka ya nyuma. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikuwa yameshaliondolea baraza la kata uwezo wa kuamua na kuliachia kazi ya kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana ndipo mtu huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mteja wangu alipoteza miezi kwa sababu mimi sikutumia nusu saa. Siku hizi nikiiona hukumu, kwanza naangalia tarehe yake, kisha naangalia sheria iliyotafsiriwa imerekebishwa lini. Kuna pia Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani chapa mpya ya sheria za nchi pamoja na marekebisho yake, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kwenye baadhi ya sheria namba za vifungu zimehama, hivyo kifungu kinachotajwa na hukumu ya mwaka 2018 huenda leo kina namba nyingine. Na ukikuta hukumu mbili za Mahakama ya Rufani zinapingana, inayofuatwa ni ya karibuni.

Kuhusu akili mnemba: itumie kukuelekeza maneno ya kutafutia ukipenda, ila hukumu usiipokee kutoka huko bila kuifungua na kuisoma mwenyewe. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT.

Ripoti yako kwa wakili isizidi kurasa mbili: swali, jibu fupi, kifungu, hukumu mbili au tatu zenye kurasa zake, na aya moja ya yale yanayotuumiza. Aya hiyo usiifiche hata kidogo. Wakili anataka kuisikia kwako kabla hajaisikia kwa mpinzani. Kwenye kisa chenu, inayouma ni hii: nani atashuhudia kwamba mzee alitoa ruhusa, wakati mzee mwenyewe ameshafariki? Hukumu haitakujibu hilo. Majirani wa shamba lile watakujibu, na wazee wa kijiji waliokuwepo miaka hiyo 15 iliyopita. Mwombe wakili wako akuruhusu kwenda naye kuwaona.