Kitabu kimoja, watoto thelathini

Maktaba ndogo za kata na za mtaa zina kilio kimoja: vitabu havitoshi. Ni kweli, havitoshi. Lakini saa ya watoto, yaani kipindi cha kuwasomea hadithi, huharibika zaidi pale vitabu hivyo vichache vinapogawiwa. Watoto thelathini, vitabu kumi na viwili: wakubwa wananyakua vyenye picha, wadogo wanabaki wananuna, na baada ya dakika kumi mhudumu ni mwamuzi wa ugomvi tu. Funga kabati. Chagua kitabu kimoja, saa nzima ijengwe juu ya hicho.

Si kila kitabu kinafaa kusomewa kundi. Kiegemeze ukutani kikiwa wazi, rudi nyuma hatua tano, utazame. Kama wewe mwenyewe hutambui mhusika anafanya nini, mtoto wa nyuma hataona kitu. Maneno yasizidi mistari minne kwa ukurasa, na pawepo sentensi inayojirudia, maana hiyo ndiyo watakayoitikia. Hadithi inayokulazimisha ufafanue neno kila ukurasa iweke kwa ajili ya kusoma na wawili watatu.

Kuhusu siku, usipange kabla ya kumuuliza mwalimu wa madrasa na katekista. Sehemu nyingi za pwani Jumamosi asubuhi watoto wako chuoni, yaani madrasani, na ukiwaita saa hiyo utapata nusu yao, tena wenye haraka. Mwezi wa Ramadhani sogeza kipindi na ukifupishe.

Siku yenyewe, tandika majamvi mawili na uwakalishe nusu duara, safu tatu, wafupi mbele. Wewe kaa kwenye kigoda, siyo kiti kirefu, na mgongo wako uelekee ukuta. Ukikaa na dirisha nyuma yako, mwanga unawapiga watoto machoni na picha inakuwa giza. Kosa hili hutokea kila mahali, na mhudumu huishia kusema watoto hawatulii.

Kitabu kishike kando ya shavu, kurasa zikiwatazama wao muda wote. Kusoma kwanza halafu ndipo ugeuze kuonyesha picha kunakata hadithi vipande vipande, na kila ukigeuza, safu ya nyuma inasimama. Kama kusoma kwa pembeni kunakushinda, nakili maneno yote kwenye karatasi na uibane nyuma ya jalada kwa vibanio vya nguo. Unasoma nyuma, wao wanaona mbele. Kila picha izungushe polepole kutoka kushoto kwenda kulia huku ukihesabu kimoyomoyo hadi tano.

Anza na vitendawili vitatu, si kumi. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Wakishindwa wakupe mji, uufaidi kidogo kabla ya kutaja yai. Kisha Paukwa, Pakawa, au kama mlipo wamezoea Hadithi njoo, iwe hiyo. Mwito huu unanyamazisha chumba kuliko kupiga meza. Watoto walio chini ya miaka sita wanakuvumilia dakika tano hadi saba, wa saba mpaka kumi wanafika kumi na tano. Wakichanganyika, na watachanganyika kwa sababu dada mkubwa huja na mdogo wake mgongoni, fuata kipimo cha wadogo.

Usiulize “Mmeelewa?” Jibu lake ni “Ndiyooo!” na halina maana yoyote. Simama mara mbili tu ndani ya hadithi, kabla ya kufungua ukurasa wenye jambo, uulize: “Sasa atafanya nini?” Pokea majibu matatu bila kusema nani kapatia, endelea. Ukisimama kila ukurasa, hadithi imeshakuwa mtihani.

Baada ya kusoma ndipo kitabu kimoja kinapoanza kuzaa. Andika sentensi nane za hadithi, kila moja kwenye kipande cha boksi cha sentimita 10 kwa 50, kwa maka peni nyeusi, herufi za urefu wa sentimita 4 hivi. Vipe vikundi wapange. Ukimpa mtoto mmoja fungu lote, anayesoma vizuri atapanga peke yake na wengine watatazama nje. Dawa yake ni kila mtoto ashike sentensi yake kifuani, asimpe mtu, na kundi lijipange kwa kusimama mstari. Hapo asiyejua kusoma analazimika kuuliza yake inasemaje, na jirani yake anamsomea. Kelele zitakuwepo, na hizo ni kelele nzuri.

Kwa kubandika picha na vinyago vya maboksi, gundi ya unga inatosha. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe vinne vya maji, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, ongeza kijiko cha chumvi, uache mpaka ung'ae kama uji mwepesi. Kwa joto letu itakaa siku mbili, ya tatu inanuka. Usiitumie kamwe kutengenezea vitabu vya maktaba, kwani mende na panya watafuata unga na kula jalada pamoja nao. Vitabu vinataka gundi nyeupe ya mbao, kidogo, kwa brashi. Selotepu nayo iache: baada ya muda inageuka njano, inabanduka, na kuacha unato unaoshika vumbi.

Ukitaka nakala zaidi bila kununua, tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa mwaka 2014 Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria, unapakua na kuchapa bure. Hadithi ya kurasa 16 katika ukubwa wa A5 inaingia kwenye karatasi nne za A4, pande zote mbili. Mwambie mtu wa steshenari ageuzie upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Mwache atoe nakala moja kwanza, uikunje, uikague, ndipo aendelee. Chagua yenye michoro ya mistari. Picha za rangi zikitolewa kopi nyeusi hugeuka madoa. Kushona, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: ingiza sindano tundu la kati kutokea nje, acha mkia wa uzi nje, toka kwa la juu, ingia la chini, kisha toka tena kwa la kati. Sukuma ncha mbili za uzi ziwe kila upande wa uzi ulio nje kwenye mgongo, na ufunge fundo. Pini za stepla hushika kutu na kurasa zinachanika.

Biskuti na juisi? Hapana. Fungu la fedha likiisha, watoto waliokuja kwa biskuti wanaondoka nalo. Ndoo ya maji ya kunywa, nyingine yenye koki na sabuni ya kunawa kabla ya kushika vitabu, basi.

Kuazimisha ndiko kunakotisha, na wengi hukwepa kwa kuandika faini mlangoni. Faini humfukuza mtoto, kisha mzazi humkataza kurudi. Daftari la kaunta linatosha: jina, mtaa, kitabu, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Aliyeharibu aje siku ya kutengeneza ashike brashi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo omba vipande kwa fundi cherehani, vishonwe vifuko vya sentimita 30 kwa 35, na kitabu kisitoke bila kifuko.

Mvua itakipata hata hivyo. Kikirudi kimelowa usikianike juani, kitapinda na kurasa zitakunjamana. Weka karatasi kavu kila baada ya kurasa kumi, kiache kivulini penye upepo, badilisha karatasi kila zikilowa, na kikikaribia kukauka kiweke chini ya tofali mbili mpaka kesho yake.