Binamu umeniuliza Malaysia ikoje, haya nakujibu

Binamu, juzi umenitumia voisi unauliza eti ni kweli huku watu wa kila rangi wanaishi kama ndugu na mtu mweusi akija anajichanganya tu, na shangazi naye kadakia kwamba ajenti kawaambia chuo unasoma huku unapiga kazi. Ngoja niwajibu wote kwa mpigo manake nimechoka kurudia, huu mwaka wa saba niko Subang Jaya, pembeni ya Kuala Lumpur.

Lugha kwanza haitakusumbua. Siku ya kwanza dukani mama mmoja kaniambia "apa khabar", mie nikajibu nzuri kabla sijafikiria, kumbe ndo salamu yenyewe, habari gani! Meza ni meja, karatasi ni kertas, sabuni ni sabun, nanasi ni nanas, bendera ni bendera hivohivo na dobi ni dobi, yaani Waarabu, Wareno na Wahindi waliopita kwetu walipita na huku. Ila ukiagiza kuku watakushangaa, kuku kwao ni kucha, wa kula anaitwa ayam.

Na msosi, aisee. Kuna migahawa inaitwa mamak, ya Wahindi Waislamu, mingi haifungwi usiku kucha. Nenda saa sita usiku utakuta Mmalay, kabila kubwa la huku, na hijabu yake, Mchina kavaa pensi, Mhindi na wanae, viti vya plastiki mpaka barabarani, wote macho kwenye mpira, wanakula roti canai ambayo ni chapati kabisa ya kwetu ila imekunjwakunjwa zaidi, na mchuzi wa dengu. Chai jamaa anaimwaga toka kikombe hiki kwenda kile, mkono mmoja juu ya kichwa mwingine kiunoni, mpaka inatoa povu na hadondoshi hata tone. Sikukuu ndo usiseme, mlango wazi, jirani anakuita ule, watoto wanapewa hela kwenye bahasha, nyekundu ya Wachina, nao Wamalay wakaiga wakatoa ya kijani Idi, Wahindi ya zambarau Deepavali, sikukuu yao ya taa.

Sasa ukiona hivyo utasema hawa wamemaliza ukabila. Subiri watu wanyanyuke waende kulala.

Waingereza ndo walipanga hii kitu, Wachina wengi walikuja kwenye migodi ya bati, Watamil toka India wakaletwa mashamba ya mpira, Wamalay wakabaki vijijini na mpunga wao, kila mtu na kona yake. Uhuru 1957, halafu tarehe 13 Mei 1969 baada ya uchaguzi wakauana hapa hapa Kuala Lumpur, na kuanzia 1971 serikali ikaja na sera ya kuwainua Bumiputera, yaani wana wa ardhi, Wamalay pamoja na wenyeji wa Sabah na Sarawak, majimbo ya kule kisiwa cha Borneo. Hao ndo kama asilimia 70 ya raia. Mpaka leo wana mgao wao kwenye baadhi ya vyuo, na wakinunua nyumba mpya wanapunguziwa bei. Rafiki yangu Mmalay ananiambia bila hivyo tungekua vibarua kwenye nchi yetu wenyewe. Rafiki yangu Mchina ananiambia babu wa babu yangu kazaliwa Penang na bado mie mgeni. Mie naona kila mmoja ana lake la kweli, ila kinachonichosha hawaambiani wao kwa wao, wanakuja kunimwagia mie! Watoto wenyewe wengi wanaanza darasa la kwanza mbalimbali, shule za Kichina, za Kitamil, za Kimalay. Sisi tulivyokua tunatupwa bweni mikoa ya mbali, Mpare na Mmakonde kitanda cha juu na chini, tulikua tunalalamika tu maharage.

Na sisi weusi je? Hapo ndo pagumu. Matangazo ya vyumba yanaandikwa waziwazi, Wachina tu, au dada wa Kihindi, mengine kabisa Waafrika hapana. Mie nlipiga simu chumba kipo, kodi tukakubaliana, nafika getini mama kanichungulia kwenye nondo akasema kimechukuliwa sasa hivi, na tangazo likakaa wiki tatu nzima naliona. Kuna jina la mtaani wametupachika, Awang Hitam, hitam ni nyeusi. Wapo waliotuharibia kwa utapeli wa mtandaoni, sikatai, lakini lawama tunagawana wote hata asiyejua kutuma imeili. Ila pia mwenye nyumba wangu wa sasa, mzee wa Kitamil, nlipoumwa dengue alikua ananiletea uji asubuhi na jioni na hajawahi kunikumbusha.

Shangazi, hiyo ya ajenti ni uongo. Visa ya mwanafunzi imebana sana kazi, ukikamatwa unarudishwa na ada imeliwa. Binamu kama una ada kamili na hela ya kula, njoo. Kama unategemea kujitafutia hapa, baki kwanza.

Fomu nyingi utakazojaza zitakuuliza bangsa, kabila lako au sijui rangi. Melayu, Cina, India, na kisanduku cha mwisho, Lain-lain, yaani wengineo. Weka tiki hapo.