Re: Shannon imepanda, MSA imeshuka, niamini ipi?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye shamba lenu la chai kule Amani (Usambara, Tanga) indeksi ya Shannon ya ndege, yaani kipimo cha utofauti wa spishi, imepanda, afu konsaltanti kaleta MSA (Mean Species Abundance, wastani wa wingi wa spishi za asili) iliyoshuka, na bosi anataka namba moja ya ripoti.

Zote zinaweza kuwa sahihi. Shannon inaangalia spishi ni ngapi na idadi ya ndege imegawanyikaje kati yao, haijui nani ni nani, kwa hiyo msitu ukipungua, shore na shomoro wakaingia, inaweza kupanda vizuri tu hata kama ndege anayepatikana Usambara tu kapotea. MSA inauliza wale wa asili wamebaki kiasi gani ukilinganisha na msitu usioguswa, 1 mzima, 0 hamna kitu, wageni hawaongezi maksi. Ila muulize huyo konsaltanti, mara nyingi MSA inatoka kwenye modeli ya matumizi ya ardhi, hakuna aliyeingia msituni kuhesabu.

Cha kwanza kagua uhesabuji wenu: vituo vilevile, dakika zilezile, msimu uleule? Mi nakutana sana na "ongezeko" ambalo ni watu walikaa muda mrefu zaidi. Afu spishi za msituni zitengee orodha yake. Namba moja msimpe bosi, nakusihi. Data zenu sijaziona, tupia hapa orodha ya mwaka wa kwanza na wa mwisho.