Kabla ya kuandika sudo nautilus

Wewe unayeanza Linux, siku si nyingi utagongana na faili la /etc linalokataa kuhifadhiwa, au folda ya /var/www isiyokubali kupokea picha zako. Ukiuliza, hakosi wa kukujibu haraka haraka: andika sudo nautilus, weka nywila, kazi kwisha. Kazi itakwisha kweli. Ila utakuwa umeendesha dirisha zima la Nautilus, programu ya mafaili ya GNOME (mojawapo ya sura za eneo-kazi la Linux), pamoja na yote yanayofanyika nyuma yake, kwa jina la root, mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote, na ulichotaka ni kugusa faili moja tu.

Hatari inayotajwa sana ni ya kufuta kitu cha mfumo kwa bahati mbaya. Ipo: kidole kikiteleza kwenye kipanya, folda nzima ya /usr inaweza kuhamia ndani ya jirani yake. Lakini kinachowasumbua wageni zaidi, tena kimya kimya, ni umiliki. Programu ya mafaili haikai bure hata usipogusa kitu. Inaandika mipangilio yake, inahifadhi vijipicha, inakumbuka ulikopita. Ikiendeshwa kwa sudo huku HOME (kigezo kinachoiambia programu folda ya nyumbani ni ipi) ikiwa bado ni ya kwako, kama ilivyokuwa kwenye Ubuntu kabla ya toleo la 19.10, hayo yote yanaandikwa nyumbani kwako na mwenye mali ni root. Kesho yake unafungua Nautilus kama kawaida na mipangilio haishiki. Ukipiga ls -la ~/.config unakuta mstari wa namna hii:

drwx------ 2 root root 4096 nautilus

Palipoandikwa root mara mbili palipaswa kuwa na jina lako. Likipatwa na hayo faili la .Xauthority au .ICEauthority, yanayotumika unapoingia kwenye eneo-kazi, mambo yanakuwa mabaya zaidi: unaweka nywila sahihi, skrini inapepesa, unarudishwa palepale pa kuingilia. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, kisha:

find ~ -user root
sudo chown "$USER": ~/.Xauthority ~/.ICEauthority
sudo chown -R "$USER": ~/.config ~/.cache ~/.local

Amri ya kwanza inakuonyesha kilichonyakuliwa; za chown zinakurudishia umiliki. Soma orodha yake kabla ya kuendelea. Usihofu kuona ~ kwenye amri ya sudo. Shell yako, programu inayosoma amri unazoandika, huibadilisha kuwa njia ya nyumbani kwako kabla sudo haijaanza kazi.

Pipa la taka nalo lina yake. Ulichokifuta ukiwa root kinaweza kuwa kimelala ndani ya /root/.local/share/Trash, au kwenye folda iliyofichwa ya .Trash-0 kwenye diski ya nje. Unamwaga pipa lako, nafasi hairudi, unabaki kushangaa.

Utakutana pia na maelezo ya zamani yanayosema tumia gksu, sudo ya programu zenye madirisha. Iliondolewa tangu Ubuntu 18.04, usiitafute. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha unaochukua nafasi ya X, dirisha la root mara nyingi hukataa hata kufunguka, na hapo ndipo watu huelekezana waandike xhost +. Amri hiyo tupu inazima kabisa ukaguzi wa nani anaruhusiwa kutumia skrini yako ya X. Hapana.

Kwa wa GNOME, njia ninayoipendelea ni hii: fungua Nautilus kama kawaida, bonyeza Ctrl+L, andika admin:///etc, mikwaju (/) mitatu bila kupunguza. Utaulizwa nywila. Dirisha linabaki lako. Anayefanya kazi kama root ni msaidizi mdogo aliye nyuma, anayegusa kile tu ulichomwagiza. Kwenye KDE, eneo-kazi jingine, sakinisha kio-admin, na Dolphin, programu yake ya mafaili, itakupa uwezo kama huo kwa kubofya kulia. Nemo, programu ya mafaili ya Cinnamon, yenyewe hufungua dirisha kamili la root na kukuwekea ukanda mwekundu juu. Ukanda unasaidia, lakini bado ni dirisha zima.

Kama ni faili moja la maandishi, hata hayo yote ni mengi. Andika sudoedit /etc/fstab. Inatengeneza nakala ya muda, inaifungua kwa kihariri chako ukiwa wewe mwenyewe, na ukihifadhi na kufunga inairudisha mahali pake. Kihariri kisichokupendeza kibadilishe kwa export EDITOR=nano.

Ukiona unahitaji root kila siku kwa folda ileile, basi tatizo ni folda hiyo. Folda ya tovuti unayoijenga mwenyewe ipe umiliki wako mara moja kwa chown. Kama mnaijenga wengi, tumieni kundi, na kwenye usermod -aG usiisahau ile a, la sivyo mtu anaondolewa kwenye makundi yake mengine, pengine na lile la sudo. Wala usikimbilie chmod -R 777, inayompa kila mtu ruhusa zote. Amri hiyo ikifika kwenye /etc/sudoers, faili la kanuni za sudo, sudo yenyewe itagoma kufanya kazi. Ikifika kwenye funguo zako za SSH, za kuingilia kompyuta za mbali, nazo zitakataliwa.

Diski mpya ya nje uliyoiumbiza (format) kwa ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, ni kisa hichohicho. Folda yake ya juu kabisa mara nyingi huwa ya root, kwa hiyo ukishaiunganisha piga chown mara moja kwenye folda ilipofungukia. Umiliki unaandikwa kwenye diski yenyewe, hutalazimika kurudia kila unapoichomeka.