Maswali na Majibu: Waamuzi Wanapobishana Juu ya Majengo Mapya ya Iran

Mwaka 2025 Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo iliipa ushindi miradi saba, na miwili iko Iran: makuba ya makazi ya Majara katika kisiwa cha Hormuz, na uwanja wa kituo cha metro (treni ya chini ya ardhi) cha Jahad mjini Tehran. Maswali mengi mliyotuma yameanzia hapo.

Waamuzi hubishania nini hasa, ikiwa wote wamekubali kwamba jengo linapendeza?

Suala la kupendeza huisha mapema. Katika Tuzo ya Aga Khan jopo lina waamuzi 9, nao hukutana mara mbili. Kikao cha kwanza huchuja na kubakiza miradi kama 20. Kisha wataalamu hutumwa kukagua kila mradi pale ulipo, kwa kawaida watu wasiotoka nchi hiyo. Hupima, huuliza gharama, huzungumza na mafundi, walinzi na wanaolitumia jengo kila siku. Mradi wenyewe lazima uwe umetumika walau mwaka mzima, yaani umeshapigwa na jua la majira yote.

Ndiyo maana kikao cha pili huwa kigumu. Mezani hapo kuna picha nzuri, na kando yake kuna taarifa kwamba paa linavuja au kwamba akina mama wa mtaa hawakanyagi pale. Kwa maoni yetu, taarifa hiyo ndiyo ipewe uzito. Tuzo ya jarida la usanifu la Memar la Tehran, iliyoanza 2001, imepunguza sehemu ya ugomvi kwa kutenga makundi ya makazi, majengo ya umma na ukarabati. Si haki kupima jengo la kale lililofufuliwa kwa kipimo cha nyumba iliyoanza na kiwanja kitupu.

Nimeona makuba ya rangi ya Hormuz. Yamejengwa kwa kitu gani, na mbinu hiyo itafaa huku Kilifi?

Yamejengwa kwa mifuko mirefu iliyojazwa udongo na mchanga. Mbinu hiyo aliikuza Nader Khalili, msanifu wa Kiirani aliyehamia California. Yeye mwenyewe alipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004 kwa vibanda vya dharura vya mifuko ya mchanga. Ofisi ya ZAV, iliyosanifu Majara, ilijaza mifuko mchanga uliochimbuliwa bandarini Hormuz (na neno letu bandari limetoka Uajemi), ikayafanya makuba yawe madogo ili mafundi wa kisiwani na vibarua wasio na ujuzi mkubwa waweze kuyamudu. Fedha nyingi zikaenda kwenye mikono ya watu badala ya vifaa vya kuagiza. Hapo ndipo palipo na nguvu ya mradi huu, kuliko hata rangi zake.

Kazi huenda hivi. Chimba mfereji wa msingi, weka kokoto chini ili maji yapite, kisha laza tabaka za kwanza chini ya usawa wa ardhi. Mchanganyiko wa kawaida ni mchanga sehemu 7 na udongo wa mfinyanzi sehemu 3, na kwa jengo la kudumu ongeza saruji au chokaa karibu asilimia 10. Unyevu upime kwa kiganja: finyanga donge, lidondoshe kutoka usawa wa kifua. Likibaki zima kama unga wa chapati, maji yamezidi. Likitawanyika kama vumbi, hayajatosha. Mfuko una upana wa sentimita 35 hadi 45. Kila tabaka lishindiliwe mpaka sauti ya shindilio ibadilike, kisha tandaza nyuzi mbili za seng'enge ya miiba kabla ya tabaka linalofuata. Miiba hiyo ndiyo huzuia mifuko kuteleza.

Duara huongozwa na mnyororo uliofungwa katikati ya chumba. Kuba linapoanza kujikunja hutumika mnyororo wa pili, uliofungwa pembeni na wenye urefu sawa na kipenyo cha chumba. Matokeo yake ni kuba lenye ncha, ambalo kila tabaka lake husogea ndani kidogo tu. Fundi akilifanya nusu duara kamili, tabaka za juu zitaning'inia na kuanguka kabla hazijafunga.

Makosa ni yale yale kila mahali. Mifuko ya plastiki ikiachwa juani bila lipu huchanika, wakati mwingine ndani ya wiki chache. Mchanga wa bahari una chumvi, nayo hula seng'enge na kusukuma lipu nje. Maji yakikaa chini ya ukuta, kila kitu hulegea.

Sasa Kilifi. Hormuz ni kisiwa kikavu sana. Pwani yetu hupata mvua nyingi, sehemu nyingi zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na kuba halina upenu wa kuukinga ukuta. Ushauri wetu: chukua kuta za mifuko, acha kuba. Inua msingi kwa mawe walau sentimita 30, tumia udongo wa bara usio na chumvi, piga lipu ya chokaa, kisha ezeka makuti au mabati yenye upenu wa sentimita 80 au zaidi.

Mlango wa kituo cha metro unastahili tuzo kubwa namna hiyo?

Ndiyo. KA Architecture Studio walikuta kituo kilichochakaa, wakakifunika kwa matao ya matofali yaliyotengenezwa kwa mkono na kukigeuza mahali pa watu kukaa na kukutana. Anayepita hapo hahitaji tiketi wala mwaliko.

Lakini matofali katika nchi ya matetemeko? Bam haikuwafundisha?

Iliwafundisha, tena kwa uchungu. Tetemeko la mji wa Bam, tarehe 26 Desemba 2003, liliua watu zaidi ya 26,000, wengi wakiwa chini ya kuta na mapaa mazito ya udongo. Leo ujenzi wa Iran unaongozwa na kanuni ya matetemeko iitwayo Kanuni ya 2800, na matofali mengi unayoyaona Tehran ni vazi tu: mzigo hubebwa na nguzo za zege au chuma. Hatari imehamia kwenye vazi hilo. Tofali lililogandishwa kwa saruji pekee huporomoka barabarani. Linatakiwa lishikwe kwa vyuma vilivyofungwa kwenye fremu, na pawe na chuma cha pembe cha kulibeba katika kila ghorofa. Ukuta wa kujazia nao uachiwe nafasi ndogo kati yake na nguzo, ili jengo likiyumba lisiuvunje. Mwamuzi makini huomba mchoro wa mkato wa ukuta (unaouonyesha kana kwamba umekatwa wima) kabla ya kutazama picha ya mbele.

Nyumba yenye vyumba vinavyozunguka ni usanifu au maonyesho?

Ni Sharifi-ha ya Tehran, iliyokamilika 2013, kazi ya Alireza Taghaboni. Vyumba vitatu vimekaa juu ya masinia ya chuma yenye mota. Hugeuka kutazama nje wakati wa joto na kufungwa wakati wa baridi. Wazo ni la kale: nyumba za jadi za Iran zilikuwa na upande wa kukaa kiangazi na upande wa kukaa majira ya baridi. Kiwanja kina uso mwembamba, kwa hiyo chumba kugeuka kuna maana. Wanaopinga nao wana hoja: vumbi na hewa hupenya kwenye maungio, na mota huhitaji matunzo ya kudumu. Sisi tungeisifu kama jaribio, ila tusingeitaka iwe mfano wa mtaa mzima.

Walimu wetu wanasema Daraja la Tabiat la Tehran ni kazi ya wahandisi. Kwa nini lilishinda Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2016?

Kwa sababu msanifu wake, Leila Araghian, hakutoa njia ya kuvukia tu. Daraja lina urefu wa mita 270 hivi, linaunganisha bustani mbili juu ya barabara kuu ya Modarres, limepinda ili usione mwisho wake, na lina sakafu tatu zilizopandana zenye viti na migahawa. Watu huenda kukaa. Jina lake maana yake ni maumbile, na lina asili moja na neno letu tabia. Walimu wenu wana haki kwa jambo moja: nguzo zake zenye umbo la mti na fremu yake ya mabomba ya chuma zisingesimama bila wahandisi hodari.

Mimi ni mwanafunzi. Nikiwasilisha mradi mbele ya jopo, nitangulize nini?

Tanguliza ramani ya eneo inayoonyesha majirani, kaskazini na mwelekeo wa upepo. Ufuate mchoro wa mkato wenye mtu ndani, kisha mkato wa ukuta kwa kipimo cha 1:20 unaoonyesha maji ya mvua yanakoshukia. Picha za kompyuta zisizidi mbili. Andika gharama kwa mita ya mraba na utaje nani atajenga. Ukiulizwa jambo ambalo hukulifikiria, sema hivyo, kisha chukua penseli ulichore palepale.