Bei za nyumba na kipato cha kaya: grafu mbili hazitoshi

Ndugu, umeuliza kama bei za nyumba za eneo lako zimeipita mishahara, ukaweka grafu mbili zinazoanza mwaka mmoja. Shida iko hapo hapo: ukianzia mwaka ambao bei zilikuwa zimedorora, kila kinachofuata kitaonekana kimepaa. Bora ugawanye bei ya nyumba ya katikati (ile inayoangukia katikati ukizipanga zote kuanzia ya bei ndogo hadi kubwa) kwa kipato cha mwaka cha kaya ya katikati, mwaka baada ya mwaka. Nyumba ya 400,000 kwa kaya inayoingiza 80,000, jibu ni 5, yaani kipato cha miaka mitano; namba hiyo ikizidi kupanda, bei zinakipita kipato. Wastani achana nao. Majumba matatu ya kifahari yakiuzwa mwezi mmoja yanauvuruga wote.

Halafu riba. Kwa anayenunua kwa mkopo, hapa ndipo hesabu inapogeuka. Mkopo wa 100,000 wa miaka 30 kwa riba ya 3% hulipwa kama 422 kwa mwezi. Kwa 7% ni kama 665. Bei haijasogea, lakini mzigo umepanda zaidi ya nusu!

Na hili hunikera: kipato cha eneo kinaweza kupanda kwa sababu tu wenye kipato kidogo wamehama, wala hakuna aliyeongezewa mshahara. Au kaya iliyokuwa na mshahara mmoja sasa ina miwili. Kwa hiyo tazama pia mshahara wa mtu mmoja mmoja, na nani anahamia na nani anahama, kabla hujasema nyumba bado zinanunulika.