Jua na vidole ndivyo vinavyopanga ratiba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu mwenye kazi, familia na safari za mara kwa mara afanyeje asiache kupanda miamba? Nitamjibu anayeishi Nairobi, kwa kuwa miamba ya huko ndiyo ninayoifahamu, ingawa aliye kwingine hatakosa la kuchukua.

Wengi hudhani tatizo ni muda. Kuna vitu viwili visivyobembelezeka kuliko bosi yeyote, navyo ni jua na kano za vidole. Ratiba ikijengwa juu ya hivyo viwili, kazi na nyumba hupata nafasi bila ugomvi.

Tuanze na jua. Huku karibu na ikweta hakuna jioni ndefu za kiangazi kama zile wanazozitumia wapandaji wa Ulaya wakitoka kazini. Nairobi jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Ukitoka ofisini saa kumi na moja ukakwama kwenye msongamano wa Mombasa Road, utaikuta Lukenya, kilima chenye miamba ya kupanda, iko gizani. Mwamba wa nje ni wa alfajiri. Lukenya iko kama kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Ukiondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili na nusu umeshavaa mshipi wa kupandia. Saa tano unakunja kamba, na chakula cha mchana unakila nyumbani na familia yako. Saa nne hivi za kupanda zinatosha kabisa, maana baada ya hapo mwamba umeshapata moto, vidole vinatoa jasho, chaki uliyopaka mikononi inageuka uji, na unachubua ngozi bila kupata chochote.

Chagua ukuta kwa kivuli chake. Unaotazama magharibi una kivuli asubuhi, na unaotazama mashariki una kivuli alasiri. Kuta za kaskazini na kusini hubadilika kwa mwezi: Desemba jua limehamia kusini, Juni limehamia kaskazini. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala Mlima Kenya. Uso wa kaskazini wa kilele cha Batian (mita 5,199) hupandwa kuanzia Juni hadi Oktoba, ukiwa umekauka. Njia ya kawaida ya kilele cha Nelion (mita 5,188), iliyo upande wa kusini-mashariki, ni ya mwisho wa Desemba hadi Machi mwanzoni. Anayeomba likizo Agosti kwa ajili ya Nelion anaomba theluji na barafu kwenye nyufa alizotarajia kushika kwa mikono mitupu. Basi tazama mlima kwanza, ndipo ujaze fomu ya likizo.

Na likizo yenyewe ni ya kupimwa. Sheria ya ajira ya Kenya inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi kwa mwaka. Siku 5 zikiwekwa kati ya wikendi mbili zinazaa siku 9, nazo zinatosha kimojawapo cha vilele hivyo viwili. Siku 16 zinazobaki ni za watu wa nyumbani, tena zisiguswe. Usizipunguze zile 9 ili uonekane mwepesi. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Wengi hulala kambi ya Met Station (mita 3,050), na usiku wa pili wako Mackinder's Camp (mita 4,200). Kichwa kinawapasuka, hamu ya chakula inapotea, na siku ya kamba wanakuwa wazito hata kufunga fundo. Ongeza angalau usiku mbili katikati.

Sasa vidole. Misuli huzoea kazi mpya kwa wiki. Kano, na pete ndogo zinazozishikilia kwenye mifupa ya vidole, huchukua miezi. Ndiyo maana mtu mwenye kazi nyingi huumia kwa urahisi: wiki mbili hagusi kitu, kisha Jumamosi moja anataka kulipa deni lote. Kidole cha pete hulia "pop", panapouma ni kwenye shina la kidole, na hata jeraha dogo la namna hiyo humweka nje wiki kadhaa. Dawa yake ni dozi ndogo zisizokatika. Vipindi viwili vya jioni kwa wiki, kila kimoja kama dakika 75, kwenye ukuta wa ndani (ukuta wa kupandia uliojengwa ndani ya jengo), vikiachana kwa saa 48, na mwamba wa nje kila baada ya wiki mbili. Mpango huo unabebeka kwa miaka. Kwenda kila wikendi huvunja ama kidole ama ndoa.

Siku ambayo hata ukuta wa ndani haufikiki, ubao wa kuning'inia nyumbani unasaidia, ila kwa aliyepanda angalau mwaka mmoja. Pasha mwili moto dakika 15. Tumia ukingo wenye kina cha milimita 20, ning'inia sekunde 10, pumzika dakika 3, rudia mara 5. Ukiona uzito unakushinda, weka mguu mmoja kwenye kiti. Acha ukiwa bado una nguvu. Ubao usiupigilie kwenye ukuta wa bloku zenye matundu, kwa sababu skrubu itachomoka na kipande cha ukuta. Ufunge kwenye boriti.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, iache iwe ya ukuta wa ndani na ya shughuli za nyumbani zilizoahirishwa. Mwamba mbichi unateleza, na kule Hell's Gate, hifadhi ya taifa karibu na Naivasha, korongo hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali. Maji hayo yalishaua wageni Septemba 2019, wala Septemba si mwezi wa masika.

Safari za kikazi hazihitaji mzigo wote. Kamba ya mita 60 yenye unene wa milimita 9.8 ina karibu kilo 4, iache nyumbani. Beba viatu, mshipi na mfuko wa chaki, jumla kama kilo moja na nusu, kisha tafuta ukuta wa ndani huko uendako. Viatu viwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa vilivyokwisha kushika umbo la mguu wako havina mbadala. Chuma chote na chaki viende kwenye mzigo wa chini ya ndege, la sivyo utatoa maelezo marefu ya unga mweupe. Anayepelekwa Oman kati ya Oktoba na Machi abebe helmeti pia, maana majabali ya chokaa ya huko yana hali ya hewa nzuri majira hayo. Ukirudi baada ya wiki mbili nguvu zitakuwa zipo bado, lakini ngozi imelainika. Kipindi cha kwanza panda njia rahisi tu.

Kuhusu vifaa nasema kwa msisitizo: kamba na mshipi wa mtumba, hapana. Asidi ya betri huua nailoni bila kuacha alama, na hujui buti ya gari ilikolala. Hiyo yako pia usiirushe karibu na betri wala dumu la mafuta.

Mwisho ni wale wanaobaki nyumbani. "Nitarudi jioni" si taarifa. Waachie kwa maandishi jina la mwamba, namba ya gari, jina la mshika kamba wako, saa ya kurudi, na saa ambayo wakiona kimya waanze kupiga simu. Lukenya ina nyuki wakali. Wakichokozwa mtu akiwa katikati ya ukuta, hana pa kukimbilia isipokuwa kushushwa haraka. Kwa hiyo mshika kamba afunge fundo kwenye ncha ya chini ya kamba kabla hamjaanza, ili isimponyoke akikushusha, na simu yake iwe mfukoni, imechajiwa.